“Kimepimwa” si jibu: sheria zilizolala juu ya kiwanja chako Dar es Salaam

Jumamosi moja nilimsindikiza dada yangu Madale kwenda kuona kiwanja. Dalali alikuwa kijana mchangamfu, kandambili mguuni na panga mkononi, na hata hatujashuka kwenye bajaji alishaanza: “Dada, hiki hakina longolongo. Kimepimwa. Bikoni zote nne utaziona kwa macho yako.” Kweli tuliziona. Alifyeka majani, akakwangua udongo kidogo, na kila kona ikatoa kinguzo chake cha zege chenye namba. Dada akanigeukia akitabasamu, kama mtu ambaye ameshajua sebule itakaa upande gani.

Nikauliza: “Kimepangwa kuwa nini?”

Dalali akacheka. “Kaka, kiwanja ni kiwanja. Unajenga unachotaka.”

Maneno hayo mawili ya mwisho, “unajenga unachotaka,” yamewagharimu watu wengi wa jiji hili nyumba zao. Juu ya kila kipande cha ardhi Dar es Salaam zimelala sheria kadhaa kwa wakati mmoja: ya mipango miji, ya barabara, ya mazingira, masharti ya hati, na pengine ya reli, ya njia ya umeme mkubwa au ya usalama wa ndege. Hazichimbuliwi kwa panga kama bikoni. Kila moja ina ofisi yake, na ofisi moja haina desturi ya kukusimulia yaliyoko ofisi ya pili.

Vitenzi vitatu

Wizara ya Ardhi ina vitenzi vitatu ambavyo imevirudia mpaka vimekuwa kama kiitikio: kupanga, kupima na kumilikisha. Mtaani tumevikunja vyote kuwa kimoja. Tukisema “kimepimwa” tunamaanisha salama, halali, hakina mgogoro, jenga. Vitenzi vyenyewe havisemi hivyo.

Kupanga ni kazi ya afisa mipango miji. Yeye haangalii kiwanja chako. Anaangalia eneo zima na kuamua pa makazi, pa shule, pa zahanati, pa soko, pa kuabudia, pa kuzikia, barabara gani ipite na iwe na upana gani, na wapi pabaki wazi ili watoto wacheze na maji ya mvua yapite. Uamuzi huo huchorwa. Mchoro wa mipango miji ukishaidhinishwa, ndio unaotawala mtaa huo, hata kama mtaani hapo hakuna mtu aliyewahi kuuona.

Kupima kunafuata. Mpima ardhi anahamisha mistari ya karatasini kwenda kwenye udongo, na bikoni ndizo alama za mistari hiyo. Bikoni inakwambia mpaka uko wapi. Haikwambii ndani ya mpaka umeruhusiwa nini. Eneo la soko lina bikoni. Makaburi yana bikoni. Uwanja wa mpira nao unazo, ingawa mara nyingi huwa ndizo za kwanza kung’olewa.

Kumilikisha ndiko kunakozaa hati. Hapa pana jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa kichwa na kulisahau kwa vitendo: kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini. Wewe hununui ardhi. Unapewa haki ya kuitumia kwa muda maalumu, miaka 33, 66 au 99, kwa masharti. Masharti hayo yameandikwa ndani ya hati yenyewe, kwenye ukurasa ambao watu huupita haraka kutafuta jina lao na mhuri: matumizi ni yapi, ujenzi ukamilike ndani ya muda gani (mara nyingi miezi 36), kodi ya pango la ardhi ilipwe kila mwaka. Ukiyavunja, umevunja mkataba, na sheria inaruhusu haki yako ifutwe.

Mpangilio huo wa vitenzi ndio unaofaa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulijaribu kuufuata, na ukiingia Mbweni, Bunju, Kibada au Tuangoma unaona tofauti: barabara zimenyooka, na gari la zimamoto likija lina pa kupita. Ila sehemu kubwa ya jiji imekwenda kinyume. Kwanza watu wakaishi. Halafu wakauziana. Halafu ndipo serikali ikaja na mchoro. Vingunguti, Manzese, Kimara, Goba, Mbagala na kwingineko kitenzi cha kwanza kilikuwa cha nne ambacho wizara haikitaji: kuhamia.

Mistari ya zamani

Tusijidanganye kwamba kugawa mji kwa matumizi kumeanza juzi. Mwaka 1891 Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi zilizogawa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba, na aina ya nyumba ilikuwa njia ya heshima ya kutaja rangi ya mtu. Waingereza wakaikaza mistari hiyo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha ukanda mtupu wa kuwatenganisha watu, wakisingizia afya. Ukanda huo bado upo. Ni Mnazi Mmoja, ambako leo watu hupumzika na wengine hupiga picha za harusi.

Baada ya uhuru rangi iliondoka kwenye sheria, lakini makundi matatu yakabaki na majina mapya: viwanja vya ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Majina haya huwapiga chenga wengi. Ujazo mdogo si kiwanja kidogo; ni kinyume chake. Ni eneo la viwanja vikubwa lenye watu wachache, kama ilivyokusudiwa Oysterbay na Masaki. Ujazo mkubwa ni viwanja vidogo, watu wengi. Ukisikia dalali anasema “hapa ni ujazo mkubwa, kiwanja kinatosha,” ujue anakuuzia neno asilolielewa.

Mipango kabambe ya jiji ilitolewa mwaka 1949, 1968 na 1979. Uliofuata ni wa 2016 hadi 2036. Tazama pengo hilo. Sensa ya 1978 ilihesabu watu takribani 840,000 mkoani Dar es Salaam. Ya 2012 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3, ya 2022, watu 5,383,728. Miongo yote hiyo jiji lilikuwa linavaa shati la utotoni. Anayewalaumu wananchi kwa kujenga holela anasema nusu ya ukweli: mchoro ulichelewa, na mtu mwenye watoto hawezi kuungoja chini ya mwembe.

Nyumba, baa na fremu

Swali la “kimepangwa kuwa nini” nilifundishwa na shangazi yangu wa Sinza, kwa gharama yake.

Sinza ni mfano mzuri kwa sababu haikuota yenyewe. Ilipangwa. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kuwa viwanja vyenye huduma, na baadaye Tabata na Mbagala. Mwananchi alipewa kiwanja, barabara na maji, nyumba akajenga mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Yalikuwa makazi. Leo taja Sinza mbele ya kijana yeyote wa mji huu, akili yake itakwenda kwenye baa, gesti na nyama choma kabla haijafika kwenye nyumba ya mtu.

Jirani wa shangazi aliuza. Mnunuzi akatoa ukuta wa mbele, akaweka viti, akafunga spika. Shangazi alipokwenda kulalamika akaambiwa yule bwana ana leseni. Akarudi nyumbani amenywea, akidhani mambo yameisha. Hayakuwa yameisha, kwa sababu leseni ya biashara na ruhusa ya kubadili matumizi ya ardhi ni vitu viwili. Ya kwanza inasema wewe unaruhusiwa kuuza bia. Ya pili inasema kiwanja hiki kinaruhusiwa kuuziwa bia. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na mjini hapa wengi wako hivyo.

Kubadili matumizi kuna njia yake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, ambayo inahesabu mabadiliko ya matumizi kuwa uendelezaji hata usipogusa tofali. Mwombaji anapeleka maombi halmashauri. Tangazo linawekwa kwenye kiwanja na gazetini ili majirani wapate kusema. Maombi yanajadiliwa kwenye vikao, yanakwenda mbele kwa idhini, na yakikubaliwa hati ya zamani inarudishwa na kutolewa nyingine yenye masharti mapya na, bila shaka, kodi ya pango kubwa zaidi. Kama mtaani kwako nyumba imegeuka kanisa, gereji, shule au ukumbi na hukuwahi kuona tangazo, una haki ya kwenda kwa afisa mipango miji kuuliza kibali kiko wapi. Kelele zenyewe ni shauri jingine, lina kanuni zake za mazingira, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, imewahi kuzifungia baa kwa hilo. Lakini ukilalamikia kelele peke yake, spika itapunguzwa na baa itabaki.

Shangazi alipambana mwaka na ushee. Halafu akafanya jambo ambalo sijui nicheke au nilie: akajenga fremu.

Msomaji wa nje ya Dar aelewe. Fremu ni vyumba vya duka vinavyojengwa mbele ya nyumba, vikitazama barabara, vya kupangisha. Saluni, duka la dawa, wakala wa fedha, nguo za mtumba. Kwa mjane au mstaafu fremu tatu ni pensheni ya pili, na siwezi kumlaumu mtu kwa kuitamani. Ila angalia zinakokaa. Kanuni za ujenzi zinataka nyumba iache nafasi kutoka mpaka wa mbele, ubavuni na nyuma, kiasi kikitegemea ukubwa wa kiwanja na aina ya eneo. Nafasi hiyo si upotevu wa ardhi, ingawa fundi atakwambia hivyo. Ndimo hupita hewa, ndimo unalala mfumo wa maji taka, ndimo moto wa jirani unakosa pa kurukia. Fremu hukaa humo humo. Na kwa kuwa mteja anapenda duka lililo karibu na njia, ukuta wa mbele husogea kidogo, mara hatua moja, mara mbili, mpaka unavuka bikoni. Hapo umeshafanya makosa matatu kwa tofali zile zile: umejenga biashara kwenye makazi, umejaza nafasi iliyotakiwa kuachwa, na umeingia barabarani.

Za shangazi zilivuka kwa mita moja na nusu hivi. Zilidumu miaka sita.

Barabara imekufuata au umeifuata?

Siku moja wakaja vijana na kopo la rangi, wakaandika X.

X hii ina lugha yake, na rangi ni sehemu ya lugha hiyo. Kwa barabara kuu na za mkoa, zile zilizo chini ya wakala wa barabara, TANROADS, sheria ya zamani ilitenga mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikapanua eneo hilo kuwa mita 30 kila upande. Hivyo pakazaliwa ukanda wa mita 7.5 ambao jana yake ulikuwa wa mtu, leo ni wa barabara. Aliyekuwa amejenga humo kihalali kabla ya sheria mpya hupigwa X ya kijani: hapaswi kuendeleza, na eneo likihitajika atalipwa fidia. Aliyejenga ndani ya eneo lililokwisha kuwa la barabara hupigwa X nyekundu: atabomoa, na halipwi kitu. Kwa Kiswahili cha mtaani, wa kwanza barabara imemfuata, wa pili ameifuata barabara. Sijaona mwanasheria aliyeieleza tofauti hiyo vizuri zaidi.

Barabara ya Morogoro ilionyesha ukali wa msemo huo. Kutoka Kimara Stop Over kwenda Kiluvya hifadhi yake ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya elfu moja zikabomolewa kupisha upanuzi. Humo hamkuwa na vibanda tu. Mlikuwa na maghorofa, nyumba za ibada, vituo vya mafuta. Na kilio kilichosikika sana ni hiki: tulikuwa na umeme, tulikuwa na maji, tulikuwa na risiti za kodi, iweje leo tuambiwe hatukuwapo?

Nawaelewa, lakini kisheria hoja hiyo haisimami, na ni heri mtu aijue mapema. Shirika la umeme linapoleta nguzo halithibitishi kwamba umejenga mahali halali, linauza umeme. Ofisi ya maji inauza maji. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na nimewasikia watu wakisema kwa kujiamini kwamba sasa serikali imewatambua maana inawakata kila mwezi. Mita inakata bila kujua nyumba iko juu ya nini. Hata mhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unashuhudia kwamba fulani amemuuzia fulani. Haushuhudii kwamba fulani alikuwa na kitu cha kuuza. Kiungwana, serikali inayokula kodi ya nyumba miaka kumi na kisha kuibomoa bila senti ina deni. Mahakamani, deni hilo ni gumu kulidai.

Barabara za ndani ya mitaa, ambazo nyingi ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, hazifuati mita 30. Upana wake ni ule wa kwenye mchoro. Ndiyo maana mtaa mmoja Sinza una nyumba zenye X na wa pili hauna, ingawa kwa macho njia zinalingana. Fremu za shangazi ziliondoka. Nyumba ilibaki.

Mita sitini za maji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Kwa jiji lenye Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Mlalakuwa, Mbezi, Tegeta na Mpiji, pamoja na bahari yote ya mashariki, mita 60 ni ardhi nyingi mno, na ni ardhi ya watu wa kila aina. Bondeni wamejaa maskini. Ufukweni wamejaa wenye kuta ndefu. Sheria ni moja. Kasi ya kuitekeleza, kila mkazi wa mji huu ana maoni yake.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na waliookoka wengi wakapelekwa Mabwepande kupewa viwanja. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, tingatinga ziliingia bonde la Msimbazi upande wa Mkwajuni. Wengine walikuwa ni wale wale, wamerudi. Kwa nini mtu arudi kwenye mafuriko? Kwa sababu Mkwajuni unatembea kwa miguu mpaka Kariakoo, na Mabwepande nauli ya kwenda na kurudi inakula faida ya mama lishe kabla hajawasha jiko. Mchoro uliompa kiwanja haukumpa kazi.

Jambo ambalo wanunuzi wa Goba, Tegeta na Mbezi hawaliulizi ni hili: mita 60 zinapimwa kutoka wapi? Kutoka ukingo. Na ukingo wa mito yetu hautulii. Wachimba mchanga wanakula kitanda cha mto, mvua za masika zinakata kingo, na nyumba iliyojengwa mbali na maji inajikuta, baada ya miaka kumi, uani kwake kuna korongo. Kwa barabara sheria ina jina la mtu wa namna hiyo: barabara imemfuata, alipwe. Mto ukimfuata mtu, hakuna X ya kijani. Ukiuziwa kiwanja “chenye mandhari ya bonde,” usisimame juu ukatazama mandhari. Shuka chini, utazame mizizi ya miti ya ukingoni. Ikiwa inaning’inia hewani, mto uko safarini.

Urasimishaji hauoshi kila kitu

Kwa maeneo yaliyojengwa kabla ya mchoro, dawa iliyoletwa ni urasimishaji: kupanga na kupima mtaa watu wakiwa tayari ndani, kisha kila mmoja apate hati. Kabla ya hapo zilikuwapo leseni za makazi, zenye muda mfupi, ambazo wengi bado wanazo kabatini wakidhani ni hati ndogo. Si hati ndogo. Ni ruhusa ya muda.

Naunga mkono urasimishaji. Nimeona mitaa ambako jeneza lilikuwa linatolewa kwa kuinuliwa juu ya kuta, na leo gari linaingia. Lakini unadai kitu ambacho hakiandikwi kwenye vipeperushi: watu waachie ardhi, bure. Ili pawepo njia ya mita nne au sita, wa huku arudishe ukuta, wa kule akate mwembe na choo. Mwenye nyumba tatu kwenye kona akigoma, mtaa mzima unasimama. Vikao vya namna hiyo ndivyo vinavyochelewesha hati kuliko hesabu za mpima.

Na kuna maeneo urasimishaji hauyagusi. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara, ya mto, ya reli au chini ya nyaya za umeme mkubwa haipati hati hata mtaa mzima upate. Mchango umelipa sawa na wenzako, ramani ikirudi kipande chako kimeachwa cheupe.

Kisha kuna viwanja vya huduma. Mchoro ukiangukia juu ya shamba la mtu, sehemu yake inaweza kuandikwa shule, zahanati au eneo la wazi. Halmashauri inatakiwa kumfidia, na mara nyingi fedha hazipo. Mwenye shamba anakaa miaka mitano, minane, anatazama nyasi. Hawezi kujengea hapo nyumba, na hajalipwa. Mwishowe anamtafuta dalali. Kigamboni wanaijua hali hiyo kwa ukubwa wa wilaya nzima: mwaka 2008 eneo lilitangazwa kuwa la mpango wa mji mpya na uendelezaji ukazuiwa. Miaka ikapita, wakala ukaundwa, ukaja kuvunjwa, na katikati yake kuna watu walioishi nusu ya muongo bila kujua kama waezeke upya au wangoje fidia.

Mchoro mezani

Kuna kazi mbili za kufanya kabla ya kutoa hela, na watu hufanya moja. Ya kwanza ni upekuzi kwa Msajili wa Hati, unaokuonyesha mmiliki ni nani, kama kuna mkopo wa benki juu ya hati, kama kuna zuio. Mawakili wengi huishia hapo. Ya pili ni kwenda kwa afisa mipango miji wa halmashauri husika, ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, au angalau vipimo vya mahali vilivyochukuliwa na mpima wako mwenyewe, uombe kuona mchoro. Sio kuambiwa. Kuona. Utazame neno lililoandikwa juu ya kiwanja chako, halafu utazame ya majirani wote, kwa maana mchoro ukisema ng’ambo ya njia ni “makazi na biashara,” baa itakayokuja hapo itakuwa na haki zote, na wewe utakuwa mlalamishi tu. Utazame upana wa barabara. Utazame kama kuna mstari wa mto.

Ukijenga karibu na uwanja wa ndege, Kipawa au Ukonga, ongeza kuuliza urefu unaoruhusiwa. Ukijenga ghorofa popote, kibali cha ujenzi kitakudai michoro ya msanifu na ya mhandisi waliosajiliwa. Anayekwambia hilo litamalizwa baadaye atakuwa hayupo baadaye.

Dada yangu alipata nafasi ya kuonana na afisa baada ya safari tatu. Mchoro ulikuwa umekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Afisa, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliutandaza mezani, akafuata namba za bikoni kwa kalamu, akasimama. Bikoni zilikuwa sahihi, zote nne. Katikati yake palikuwa pameandikwa: shule ya awali.

Ndiyo sababu bei ilikuwa nzuri.

Tukampigia dalali palepale kwenye ngazi za halmashauri. Hakushtuka, na hapo nikaelewa kwamba alijua siku zote. “Sasa dada,” akasema, “si unaomba tu wakubadilishie? Watu wanafanya.”

“Basi mwuzie mwenye shule,” dada akamjibu, akakata simu, akaniuliza kama Kibada ni mbali sana na kazini kwake.